Viatu Kando ya Baiskeli

Iringa, 12 Februari 1955

Kwa mpwa wangu Selemani, mtoto wa marehemu dada yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Barua yako niliipata Jumatatu, nikachelewa kujibu kwa sababu ambayo hata wewe waijua: nikikaa chini mimi kuandika, mji wa Iringa unalala gizani. Sijisifu. Uliza mtu yeyote sokoni. Mafuta ya taa yanashushwa na malori kule Ipogolo, bondeni, kwenye stoo ya Bwana Fidahussein, na mji uko juu ya kilima, na baina ya taa na mafuta yake nipo mimi Mrisho na baiskeli yangu. Debe mbili nyuma, moja mbele kwenye usukani, nasukuma mlima ule kila siku ya Mungu. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akisoma makaratasi yake, anasoma kwa jasho langu. Mwezi wa kumi na moja nilipougua homa siku tatu, makarani wa boma walikuja kunigongea mlango, kofia mkononi.

Huku kwetu hatujambo, kwa kadiri ya kutojambo kwa mwaka huu. Mke wangu Kudra anakusalimu, anauliza kama huko Mbeya mnakula au mnashona tu. Mvua ni nyingi, ukuta wa jikoni umelala chini, nitausimamisha kwa mkono mmoja nikipata nafasi.

Bibi yako Mwanakhamisi macho sasa yamekwisha kabisa. Miguu inavimba jioni. Lakini masikio, mwanangu, masikio ya Bibi ni ya swala. Mimi nikiwa bado kwenye kichochoro, yeye kitandani husema, Mrisho amekuja. Kila siku anakutaja wewe. Anasema mjukuu wake wa kwanza ana miaka kumi na tisa na hajapata kumgusa. Mama yako alipokuja mwaka 1946 kumzika baba yetu, wewe ulibaki na surua. Mara ya pili daraja lilichukuliwa na maji. Na mama yako alipofariki mwaka juzi, barabara ilikuwa matope matupu na Bibi hakumzika mwanawe. Sasa anasema anataka jambo moja tu, akushike kidevu. Maana mimi ndiye niliyemwambia, mwaka ule wa 1936, kwamba una kidevu chake.

Umeandika kwamba tajiri wako Bwana Rasik amekupa ruhusa ya wiki moja, na kwamba utapanda basi mwisho wa mwezi huu uje. Vizuri. Lakini niseme kama mjomba. Basi ni kitu cha mizigo. Mtu hupandishwa kama gunia la mahindi, hushushwa kama gunia la mahindi, na akifika hana la kusimulia. Mimi nilipokuja kukuona ulipozaliwa sikupanda kitu cha mtu. Nilifunga kwenye keria ile mbeleko aliyokufumia Bibi, ile uliyobebewa, nikapanda baiskeli yangu hapa mlangoni, na siku ya tatu nilikuwa Mbeya, maili mia mbili na zaidi. Pale Igawa simba alilala katikati ya barabara. Nikapiga kengele. Akainuka, akasimama kando kama askari, nikapita. Hadithi hii Bibi anaijua kwa moyo.

Basi fikiri mwenyewe. Kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye miguu, aje kwa basi.

Mjomba wako,
Mrisho bin Ahmadi, Iringa Mjini


Mbeya, 6 Machi 1955

Mjomba Mrisho, shikamoo.

Shikamoo pia kwa mkaza mjomba Kudra, na Bibi mwambie namwamkia na kumbusu mikono. Huku tu wazima. Mvua inanyesha tangu asubuhi, tunashona barazani kwa Bwana Rasik huku turubai likivuja.

Barua yako niliisoma mara nyingi, kisha nikawasomea rafiki zangu wawili. Mjomba, basi sikupanda. Niliona aibu. Rafiki zangu ni Jailos, fundi baiskeli, Mnyakyusa, jirani yetu hapa barazani. Na Philbert, anayesubiri kazi ya ualimu. Tumekubaliana kuja Iringa kwa baiskeli, sote watatu, kama ulivyofanya wewe. Ya kwangu ni ya zamani lakini Jailos ameibomoa yote na kuisafisha. Tumekwisha pata pampu, spoki kumi na mbili, mipira miwili ya ndani, gundi na viraka. Philbert ameandika kwenye daftari majina ya mahali pote mpaka Iringa, ameacha nafasi ya kuandika maji yapo wapi na pa kulala ni wapi. Nafasi hizo tunakungoja wewe uzijaze.

Kuna jambo moja limetukwama. Baba yake Jailos, Mzee Andendekisye, ni mzee wa kanisa na ni mkali. Amesema vijana watatu hawavuki nyika ya Usangu peke yao. Lazima awepo mtu mzima anayeijua njia, naye apande baiskeli pamoja nasi tangu hapa mpaka mwisho. Jailos akamwambia, mjomba wake Selemani aliipita njia hiyo kwa siku tatu akiwa peke yake. Mzee akasema, "Basi huyo aje. Akija huyo, nendeni."

Kwa hiyo nakuomba, Mjomba. Uje Mbeya, baiskeli yako iwe juu ya paa la basi, turudi pamoja. Nimemshonea Bibi gauni la flana, maana unasema huko baridi. Sitalituma. Nitalileta mwenyewe.

Niambie Bibi yukoje.

Mwanao,
Selemani


Iringa, 3 Aprili 1955

Mpwa wangu Selemani,

Assalaam aleikum, na salamu kwa hao vijana wenzako, na kwa huyo mzee wa kanisa. Mwambie ana akili. Wazee wenye akili wamebaki wachache, mmoja yuko huko kwenu na mwingine anaandika barua hii.

Nimechelewa kwa sababu ya shughuli. Bwana Fidahussein hawezi kufungua stoo bila mimi kusimama pale, wateja wamezoea uso wangu.

Hakuna shida ya mimi kuja. Nasema tena, hakuna shida. Shida ni mvua. Mwezi wa nne barabara ile ni uji. Mimi nilipita wakati wa kiangazi. Baiskeli na matope ni kama paka na maji, na ninyi watoto mkivunjika mguu njiani nani ataulizwa? Mimi. Kisha mwezi wa mfungo ndio huo unaingia, na mtu haendeshi baiskeli maili mia mbili hali amefunga. Basi ngojeni. Tungoje Idd ipite.

Wakati mnangoja, chukueni haya ya kuandika kwenye daftari. Maji msinywe ya mto wowote mahali ambapo ndege hawanywi. Kutoka Igawa mpaka Makambako msikanyage pedeli hata kidogo, ni mteremko mtupu, baiskeli inakwenda yenyewe, kazi yako ni kuvuta sigara. Pale Makambako mnyororo wangu ulikatika. Nikachinja nyati, nikakata ukanda wa ngozi, nikaufunga, ukafika Mbeya. Sao Hill baridi inaganda kwenye ndevu. Nyinyi hamna ndevu, mna bahati. Simba mpigie kengele, fisi mtukane kwa Kihehe, hawajui lugha nyingine.

Bibi hajambo. Anakula uji. Nilimsomea barua yako. Alicheka ile ya turubai. Kuhusu gauni akasema lisiwe refu sana, asije akajikwaa, ingawa sasa hatoki kitandani mara nyingi.

Mjomba wako,
Mrisho bin Ahmadi


Mbeya, 2 Mei 1955

Mjomba, shikamoo. Ramadhani njema kwako na kwa nyumba nzima.

Huku tumefunga, hatujambo. Philbert na Jailos hawafungi lakini hawali mbele yangu, wanakwenda kula nyuma ya duka kama wezi, mpaka Bwana Rasik anawacheka.

Kila Jumapili tunafanya mazoezi. Juzi tulikwenda Igurusi tukarudi siku hiyo hiyo. Philbert alitapika, Jailos akaimba njia nzima, mimi miguu ilikuwa kama si yangu lakini nilifika. Keria yangu sasa ina chuma kipya. Gauni limo kwenye karatasi ya kaki, limefungwa kwa kamba, liko tayari.

Jailos alimuuliza dereva mmoja wa lori kuhusu njia. Dereva alisema kutoka Igawa kwenda Makambako ni kupanda tu, si kuteremka, na kwamba hata lori lake linaomba radhi pale. Nikamwambia labda barabara imebadilishwa tangu mwaka 1936.

Mzee Andendekisye anauliza kila wiki. Anasema, "Mjomba amesemaje?" Namwambia anakuja baada ya Idd. Bwana Rasik amenipa wiki mbili za mwezi wa sita.

Mjomba, nikuulize, usikasirike. Unasema Bibi anakula uji. Zamani ulisema anakula ugali na kunde. Bibi yukoje hasa? Kama hali si nzuri niandikie neno moja tu, basi, nami nitapanda basi siku hiyo hiyo, niwe gunia, sitajali. Hao rafiki zangu watanielewa. Neno moja tu.

Mwanao,
Selemani


Iringa, 7 Juni 1955

Selemani,

Assalaam aleikum. Idd ilikuwa nzuri. Kudra alipika pilau, majirani wakaramba sahani. Baridi imeanza, na upepo wa hapa kilimani hauombi ruhusa kuingia ndani.

Najua umengoja barua hii. Mambo yalikuwa mengi. Kwanza baiskeli yangu imeugua. Fremu imepata ufa pale chini ya tandiko, kwa sababu ya uzito wa mafuta miaka yote hii. Baiskeli nyingine ingekwisha kufa. Fundi wa hapa anasema aichomee, mimi namkataza, sitaki mtu wa kujifunza aishike baiskeli iliyomwona simba. Kwa hiyo mwezi wa sita haitawezekana. Lakini mwezi wa saba, kabla ya Idd ya kuchinja, hapo sawasawa. Mwambie Mzee Andendekisye nimesema mimi. Tarehe ishirini Julai nitateremka kwenye basi pale Mbeya.

Huyo dereva wa lori ni mtu wa juzi. Asinifundishe barabara.

Bibi umeuliza. Bibi ni mtu mzima, na mtu mzima ana siku zake. Anakutaja. Jana alimuuliza Kudra kama wewe ni mrefu. Kudra akasema mrefu kiasi. Hiyo ndiyo hali yake. Usikurupuke kupanda basi ukaacha rafiki zako na mipango mizuri, mwanamume akianza jambo hulimaliza. Mimi nipo hapa, namtazama mama yangu kwa macho yangu mawili.

Mjomba wako,
Mrisho bin Ahmadi


Mbeya, 25 Juni 1955

Mjomba, shikamoo.

Hatujambo. Baridi huku pia, mikono inakufa ganzi kwenye sindano.

Philbert amepata kazi ya shule huko Tukuyu, amekwenda. Daftari ameniachia. Nafasi za maji na za kulala bado ni tupu, sikuandika yale ya ndege na fisi.

Tumebaki mimi na Jailos. Wiki mbili za Bwana Rasik zimepita, nilikaa bure, nikashona. Nimemwomba tena za mwezi wa saba, amekubali kwa uso mbaya. Hatakubali mara ya tatu.

Tarehe ishirini Julai tutakuwa kituo cha basi tangu asubuhi, mimi, Jailos na baba yake. Mzee amesema atakuja mwenyewe akushike mkono.

Mwambie Bibi mimi si mrefu sana. Na gauni nimelipunguza.

Selemani


TELEGRAMU
IRINGA 14 JULAI 1955
SELEMANI KWA RASIK MBEYA
BIBI AMEFARIKI JANA ALFAJIRI TUMEZIKA ADHUHURI MRISHO


Mbeya, 24 Julai 1955

Mjomba, shikamoo.

Poleni nyumba nzima. Mungu amrehemu.

Telegramu ililetwa wakati nakata kitambaa cha mtu. Bwana Rasik ndiye aliyeisoma, kisha akaniambia niache mkasi. Mke wake Fatmabai alinipa chai, sikuweza kuinywa. Sikuja. Nije kushika nini?

Tarehe ishirini nilikwenda kituo cha basi hata hivyo. Sikumwambia mtu. Nilijua huji, mtu aliyefiwa hasafiri, lakini nilikwenda. Mzee Andendekisye naye nikamkuta pale, amevaa koti lake la kanisani. Tulingoja basi mpaka likafika, watu wakashuka wote, tukarudi. Karibu na nyumbani akasema, "Huyu mjomba wako, kuna kitu anakiogopa."

Si adabu kumsema mtu mzima. Lakini nimekaa nalo siku nne. Mimi nilimngoja Mzee Andendekisye akubali. Yeye alikungoja wewe. Wewe, Mjomba, ulikuwa unangoja nini?

Nililiomba neno moja mwezi wa tano.

Gauni nimelikabidhi kwa dereva wa basi, alilete. Mpe mwanamke yeyote mwenye baridi.

Selemani


Iringa, 30 Agosti 1955

Mwanangu Selemani,

Assalaam aleikum. Arobaini ya Bibi tuliisoma wiki iliyopita. Watu walikuwa wengi, uani palijaa mpaka wengine wakakaa kichochoroni. Kudra hajambo. Ukuta wa jikoni bado umelala. Nilikuambia nitausimamisha kwa mkono mmoja; sikuusimamisha hata kwa miwili.

Gauni lilifika. Kuna mama mmoja wa Kilolo anayeleta njegere sokoni, ndiye aliyekuja kila siku kumgeuza Bibi kitandani, na ndiye aliyemwosha pamoja na Kudra. Nimempa yeye. Limemkaa vizuri, ila mikono mifupi. Alisema "kamwene", salamu ya Kihehe, mara tatu akakunja mikono kifuani, nikajua anakushukuru wewe, maana mimi sikuwa na la kushukuriwa.

Barua yako ina mwezi mzima mfukoni mwangu. Nimeianza hii mara nyingi. Karatasi za mwanzo zote zilikuwa na simba, nikazichana.

Nianze na Bibi, ujue yote. Tangu mwezi wa tatu alikuwa hainuki. Uji alikuwa hamalizi. Mwezi wa tano, barua yako ilipofika, ile ya neno moja, alikuwa ameanza kumwita Kudra kwa jina la mama yako. Neno nililijua. Kalamu nilikuwa nayo. Lakini nikiandika uje kwa basi, utauliza, Mjomba, na ile safari yetu? Na nikiandika njooni kwa baiskeli, lazima kwanza mimi nije Mbeya. Nikakaa katikati, nikaandika habari za fremu. Fremu haina ufa. Haijapata kuwa na ufa.

Barua zako nilimsomea zote, ila kila ilipofika mahali unaponiita nije, niliruka. Nilifikiri hajui. Kuruka kwenye kusoma ni kama kuruka shimo kwenye njia, unafikiri aliye nyuma yako hakuona.

Ijumaa, tarehe nane Julai, nilirudi na mafuta kama kawaida. Nikaegemeza baiskeli ukutani, nikaingia. Siku hiyo akili yake ilikuwa safi, kama maji ya asubuhi. Akasema nikae. Nikakaa kwenye kigoda. Akaniuliza mtoto anakuja lini, nikasema karibu tarehe ishirini na nane, kwa baiskeli, nami nitakwenda Mbeya kumchukua tarehe ishirini. Halafu akasema, na haya ni maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mrisho, mimi macho yamekwisha miaka mingi. Kila siku nakusikia ukija. Nasikia matairi. Na kando ya matairi nasikia viatu."

Nikamwambia, mama, ni mlima, kila mtu anasukuma.

Akasema, "Hapa uani si mlima. Na ukienda Ipogolo ni kuteremka. Nasikia viatu vikienda, nasikia viatu vikirudi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akasema, "Mtu mzima ukimvua nguo, unafaidi nini?" Kisha akageukia ukutani, akasema, "Mwandikie mtoto apande basi."

Selemani, niliandika. Usiku sikulala, asubuhi ya Jumamosi barua ilikuwa tayari, mistari miwili. Nikaitia mfukoni. Pale posta kuna dirisha la telegramu, kutoka mahali ninapouzia mafuta ni hatua mia tatu, nimezihesabu baadaye. Jumamosi sikwenda. Jumapili pamefungwa. Jumatatu nilikwenda mpaka mlangoni, nikaona karani wa pale ni yule niliyemsimulia habari za simba wiki iliyotangulia, akaniita kwa sauti mbele ya watu, "Karibu, mtu wa Mbeya." Nikacheka naye. Nikarudi sokoni. Jumanne ilikuwa siku ya malori kuleta mafuta. Jumatano alfajiri Bibi akaondoka. Mwishoni alinyoosha mkono, vidole vikifunguka na kufunga hewani, hivi, kwenye usawa wa uso wa mtu aliyekaa. Kudra alisogeza uso wake. Bibi akamshika kidevu, akasema, "Siyo huyu." Hakusema tena.

Telegramu yako niliipeleka siku ya pili yake, Alhamisi. Zile hatua mia tatu siku hiyo nilizimaliza bila shida yoyote.

Sasa mbeleko. Mwaka 1936 ulipozaliwa, Bibi alinikabidhi mbeleko mbele ya mtaa mzima, na mimi nilikuwa nimekwisha sema nakwenda kwa baiskeli, kijana wa miaka ishirini na minane mwenye baiskeli mpya, wa kwanza mtaani. Watu walitoka kunitazama. Nikasema siwezi kupanda hapa, kuna mawe, nitapandia Ipogolo. Nikashuka mlima nikiisukuma baiskeli kwa mkono. Kule chini nikampa mbeleko dereva wa lori la kwenda Mbeya, nikamwelekeza nyumba ya baba yako. Mimi nikakaa siku tisa kwa rafiki yangu Bartholomeo, mwashi, nikila ugali wake nyuma ya nyumba nisionekane barabarani. Siku ya tisa nikajipaka vumbi, nikapanda kilima. Bibi akaniuliza mtoto kafanana na nani. Nikamwambia, kidevu ni chako, mama. Sikuwa nimekuona. Mpaka leo sijakuona. Kidevu chako sikijui.

Mama yako alijua, maana mbeleko aliipokea mikononi mwa dereva. Alipokuja mwaka 1946 kwenye msiba wa baba yetu, alinikuta mbele ya watu nikiwasimulia. Yeye akaniangalia tu, akasema, "Asante kwa ile mbeleko, kaka," akaenda ndani kwa wanawake. Basi walijua wawili, mama yako na mama yangu, na kila mmoja alinifunika kivyake, na mimi nikadhani ni ujanja wangu.

Utaniuliza, na watu wa Iringa je, miaka yote hiyo hawakuona? Hawakuona, na hiyo ndiyo kazi ya mlima wa Ipogolo. Hakuna anayeupanda mlima ule akiwa juu ya baiskeli. Mwenye viazi anasukuma, mwenye mkaa anasukuma, fundi hodari kuliko wote naye anasukuma. Ukiwa na debe tatu za mafuta, nani atakuuliza kwa nini unatembea? Na nikiteremka na debe tupu nilikuwa nasema naipumzisha. Watu wakasema, Mrisho anaipenda baiskeli yake kuliko mke. Nikakubali hata hilo, mbele ya Kudra. Biashara ya mafuta sikuichagua kwa faida, mwanangu. Niliichagua kwa sababu ya mlima.

Baada ya arobaini nilimwambia Kudra. Hakucheka. Alisema twende kule uwanjani kabla watu hawajatoka, atanishikia tandiko. Tukaenda. Mwanamke wa miaka arobaini na tano, kanga kiunoni, anakimbia ameshika tandiko la mzee. Akaachia. Nikaenda kama hatua nne, nikaanguka upande wa kulia, goti hili bado lina kidonda. Tukakaa kwenye nyasi pale. Kudra akasema tujaribu tena kesho, nikasema sawa, hatujajaribu.

Mwambie Mzee Andendekisye aliona sawa. Mwambie Jailos asamehe, na lile daftari la Philbert, andika kwenye nafasi zile maneno ya yule dereva wa lori.

Ukikubali, nitakuja Mbeya mwezi wa kumi, nikuone. Nitakuja kwa basi, nimekaa kwenye kiti kama gunia la mahindi, na nikishuka sitakuwa na la kusimulia. Usipokubali nitaelewa, nitaendelea kukuandikia hivyo hivyo.

Nimezunguka sana, na hili moja bado sijaliandika kwa jina lake. Nimeliandikia pembeni karatasi mbili nzima, kama ninavyotembea kando ya ile baiskeli. Basi liwe hapa chini, karibu na jina langu.

Sijui kupanda baiskeli, Selemani. Sijawahi kujua.

Mjomba wako,
Mrisho